Fahamu: Ugonjwa wa jeni unaootesha uvimbe mwili mzima
Mtoto akianguka kifafa, Kinoo hapa Kenya au kwingineko, hawakosi wa kunong'ona uchawi. Huenda ni tuberasi sklerosisi. Jeni za TSC1 na TSC2 huzuia seli zisikue ovyo. Moja ikiharibika, breki hukatika na uvimbe usio saratani huota kwenye ubongo, figo, moyo, ngozi, hata mapafu. Mfaransa Bourneville aliueleza ugonjwa huu mwaka 1880. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 6,000.

Wazazi wasilaumiane: kwa wagonjwa wapatao theluthi mbili, hitilafu haikurithiwa. Dawa ya everolimus husinyaza uvimbe, lakini bei yake si mchezo.

Mtoto mwenye degedege na madoa meupe ngozini? Mpelekeni akamwone daktari wa neva.