Kabla Ambulansi Haijafika

Juni 12, 2021, uwanja wa Parken, Copenhagen. Kipindi cha kwanza kinaelekea ukingoni, Denmark na Finland hazijafungana. Mpira wa kurusha unamfikia mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, naye anaanguka bila kuguswa na mtu. Moyo umesimama. Wenzake wanamzunguka kumkinga na kamera, na ndani ya ukuta ule wa jezi nyekundu wahudumu wanamkandamiza kifua, kisha mashine inamshtua moyo mara moja. Anazinduka palepale uwanjani.

Eriksen alianguka pazuri, kama kuna pazuri pa kuangukia. Daktari alikuwa hatua chache tu. Wengi mioyo yao husimama wakiwa nyumbani, sebuleni, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Hakuna ambulansi, hata ya Ulaya, inayoweza kuzishinda dakika hizo kila mara.

Wadenmark walilijua hilo mapema. Mwaka 2005 mafunzo ya kuokoa maisha yaliingia shule za msingi. Mwaka uliofuata anayetaka leseni ya udereva akatakiwa kuyapitia kwanza. Mwaka 2001, kati ya watu watano walioangukia nje ya hospitali, mmoja tu ndiye aliyekandamizwa kifua na aliyekuwa karibu. Kufikia 2010 walikuwa karibu nusu. Waliokuwa hai baada ya siku 30 wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Matibabu nayo yaliboreka, si sheria peke yake. Lakini mimi naamini mikono ya jirani ilichangia pakubwa.

Kwetu mtu akianguka utasikia: “Mpeni hewa! Mmwagieni maji!” Na akivuta pumzi za kukatakata, kama anakoroma, tunapumua: kumbe yu hai, amelala tu. Hapo ndipo tunapompoteza. Mkoromo ule huja moyo ukiwa umekwisha kusimama. Asiyeitika, na asiyepumua kama kawaida, kifua chake kinahitaji mikono yako.

Mmoja apige simu. Wewe weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, ubonyeze kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Baada ya dakika mbili mikono hulegea. Mwite aliye karibu akupokee.