Leso za Marehemu Mama na Mfarishi wa Baridi ya Plateau



Miezi ya Juni hadi Agosti sisi watu wa pwani twaiita kipupwe, na mtu akijifunika shuka moja alfajiri huona amejikinga vya kutosha. Jamaa zetu waliohamia Plateau, penye kituo cha reli karibu na Eldoret, waijua baridi ya namna nyingine. Nyanda zile za Uasin Gishu zimeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mtoto hujikunja kama kamba hata chini ya blanketi.

Kutoka huko limetufikia swali. Mama amefariki, naye ameacha sanduku la leso. Binti yake mkubwa ataka kuzikata ashone mfarishi, wanawe wapate joto na wamkumbuke bibi yao. Je, yafaa? Tutalijibu, lakini kwanza tuseme neno juu ya kazi yenyewe, maana ni kazi njema.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mola wetu ametuhesabia sufu na manyoya kuwa miongoni mwa neema zake, kwa kuwa twapata humo vyombo na matandiko ya nyumbani. Na Bi Aisha (R.A.) ametupokelea kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake kwa mkono wake. Basi asione haya mwenye kushika sindano, wala asidharau kiraka.

Tena leso yenyewe, kama wasimuliavyo wazee, asili yake ni viraka. Wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja na Wareno, ambao huviita lenço, wakaviunganisha sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipoagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Kwa hiyo anayeunganisha vipande vya leso leo hazui jambo geni, bali arudia kazi ya nyanya zake.

Huenda mtu akasema: Eldoret ni mji wa viwanda, Ken-Knit hutengeneza nyuzi na mablanketi, na Rivatex, kiwanda kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, hufuma nguo za pamba, basi kwa nini tusinunue tu? Mwenye uwezo na anunue. Lakini leso zilizolala sandukuni mpaka zikaliwa na nondo ni mali iliyopotea, na kupoteza mali kumekatazwa.

Namna ya kushona ni hii. Leso moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Chagua zilizokwisha kufuliwa mara nyingi, kwani mpya huchuja rangi na kurudi. Kwanza kata ukanda wenye jina, yaani yale maneno, uuweke kando. Kisha kata vipande vya mraba vya sentimita 30, ukiacha mahali palipochakaa. Leso nzima isiyochakaa yaweza kutoa vipande hadi 15. Vipande 35, vitano kwa upana na saba kwa urefu, vyatosha mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja. Ukitoa sentimita moja ya mshono kila upande, utapata kama sentimita 140 kwa 196. Changanya pindo na mji, rangi nzito kando ya nyepesi, hata nakshi zisigombane. Chini weka marekani iliyofuliwa, katikati blanketi kuukuu. Piga bandi kutoka katikati kwenda pembeni ili nguo isikunjamane, halafu darizi kwa mkono mistari ya kushika matabaka yote matatu, ukiacha kama shubiri baina ya mstari na mstari. Mwisho kunja pindo.

Zile kanda za majina zisome moja moja. Ikiwa limo jina la Allah, usilitie mahali pa kulaliwa wala kukaliwa. Lihifadhi kwa heshima.

Sasa turudi kwenye swali. Leso za marehemu si za binti mkubwa, hata kama ndiye aliyemuuguza mama. Ni mali ya urithi, sawa na shamba na nyumba. Sura An-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la wanaume na la wanawake katika kilichoachwa, kikiwa kichache au kingi. Na sanduku la nguo limo katika kichache. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Mume ana robo kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Baba na mama yake, wakiwa hai, kila mmoja ana sudusi. Kilichosalia ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja.

Imezoeleka katika nyumba nyingi kugawa nguo za maiti hata kabla ya matanga kuondoka, na atakayeuliza huonekana mchoyo. Hilo si sawa. Warithi watu wazima wakiridhia kwa hiari, bila kuonewa haya, binti na akate leso zake kwa amani. Lakini akiwemo mrithi mdogo, hakuna awezaye kusamehe kwa niaba yake, hata baba yake. Leso zithaminiwe kwa bei ya nguo iliyovaliwa, na fungu la mtoto lilipwe au liwekwe. Onyo la aya ya 10 ya sura hiyo juu ya mali ya yatima halikubagua dhahabu na kitambaa.

Ama leso alizompa binti mama mwenyewe akiwa mzima, naye akazipokea, hizo ni zake, hazimo katika urithi.

Tumeona ndugu wa tumbo moja wakikatiana salamu kwa sababu ya doti moja iliyochukuliwa bila kuulizwa. Doti yenyewe haikuwa na bei. Kilichouma ni kutoulizwa. Basi, ewe dada yetu wa Plateau, kabla ya kushika mkasi shika simu. Waulize ndugu zako waliobaki pwani, kila mmoja kwa jina lake. Huenda mmoja ataka leso moja tu, ile aliyobebewa mgongoni. Mpe, kisha shona zilizobaki, wanao walale kwa joto la halali.

Allah amrehemu mama yetu na awaunganishe watoto wake. Wallahu aalam.