Kichwa cha Upande Mmoja Si Kila Mara Malaria



Hapa Boga kichwa kikiuma tunasema ni malaria, tunanunua dawa. Tupimwe damu kwanza. Kama malaria haipo, na kichwa kinapiga upande mmoja kama ngoma, tunasikia kichefuchefu, mwanga na kelele vinatuumiza, huenda ni kipandauso. Kinadumu saa 4 hadi siku 3. Wengine huona vimulimuli kabla ya maumivu. Huo si uchawi. Kwa kila mwanaume 1 mwenye ugonjwa huu, kuna wanawake 2 au 3, na mara nyingi hutushika hedhi inapokaribia.

Tufanye nini? Tutie alama kwenye kalenda kila siku kichwa kinapouma, tujiulize: tulilala vizuri? Tulikula? Tulikunywa maji shambani? Hedhi iko karibu? Baada ya miezi 2 au 3 tutajua kinachokiamsha.

Kikianza, tumeze parasetamoli mapema, tunywe maji, tulale penye giza na kimya. Tusizoee dawa: tukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, yenyewe inaleta maumivu.

Twende hospitali upesi kama kichwa kimeuma ghafula kupita kiasi, kuna homa na shingo imekakamaa, mkono umelegea, au mama mwenye mimba anaumwa kichwa sana, anaona ukungu au amevimba uso.

Na mwenzetu akilala kwa kichwa, tusimwite mvivu. Tumchotee maji, tumwangalilie watoto.