Mgeni Siku Mbili: Chakula, Udongo na Makazi Endelevu katika Eneo la Makutano

Utangulizi

Neno makutano limetokana na kitenzi kutana, ambacho kimebeba kauli ya kutendana, likaundwa kwa kiambishi awali ma- na kiishio -o. Nchini Kenya jina hili limepewa mahali pengi penye njia panda. Kandokando ya Mlima Kenya twaweza kutaja pawili: kitongoji cha Makutano mjini Meru, na njia panda ya Makutano ambapo barabara itokayo Nairobi hugawanyika, moja ikielekea Sagana na Nyeri, nyingine ikipitia Mwea hadi Embu. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mtaalamu wa makazi atokaye ng'ambo anavyoweza kujifunza kazi yake kutokana na chakula na lugha ya wenyeji wa sehemu kama hizi. Wengi hudhani kwamba chakula na utamaduni ni burudani ya jioni baada ya kazi. Tutaonyesha kuwa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Maana ya makazi endelevu

Makazi endelevu ni makazi yanayokidhi haja za wanaoishi sasa bila kuwapokonya watakaokuja baadaye kuni, maji, mchanga na hewa safi. Matofali ya kuchoma hula misitu. Saruji nayo huzalishwa kwa moto mkali, na viwanda vyake ulimwenguni hutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Ndiyo sababu wajenzi wengi wameurudia udongo, ambao ndio uliojengea nyumba za msonge za mababu wa Wameru, Waembu na Wambeere pamoja na fito na nyasi.

Sahani kama ramani ya udongo

Mgeni akikaribishwa wali wa pishori huko Mwea, ameelezwa habari ya udongo kabla hajashika sepetu. Mpunga hustawi pale kwa kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi huzuia maji yasipotee. Udongo huohuo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba yenye msingi mfupi hupasuka pamoja nao. Akipanda juu kuelekea Embu na Meru, atapewa mukimo uliopondwa kwa mahindi, maharagwe, viazi au ndizi, na mboga za majani. Hivyo ni vyakula vya nchi ya mvua na udongo mwekundu wenye kina kirefu, ambao mara nyingi huhitaji kuchanganywa na mchanga ndipo utoe tofali lisilonywea. Akishuka Mbeere akapewa uji wa mtama au wimbi, pamoja na kunde, ajue amefika nchi kame, ambako paa la kuvuna maji ya mvua lina thamani kubwa.

Bila shaka sahani haitoshi kuwa kipimo. Udongo hutiwa katika chupa yenye maji, ukatikiswa na kuachwa utuame: mchanga hutangulia kutua, na mfinyanzi huja mwisho. Hata hivyo, anayekula na wenyeji hujua ni wapi pa kuanzia kupima, na ni mzee gani wa kuulizwa.

Mafiga na moshi

Jikoni pana somo jingine. Katika nyumba ya msonge, moshi wa mafiga ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu, lakini pia uliumiza macho na mapafu. Shirika la Uingereza la ITDG, lililobadili jina kuwa Practical Action mwaka 2005, lilikabili suala hili miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa kuwa katika jamii ile wajenzi wa nyumba ni wanawake, wataalamu walilazimika kuketi nao na kuwasikiliza. Madirisha na vifuniko vya kutolea moshi vilivyotumika huko vilitokana na mashauriano hayo ya jikoni.

Ujuzi uliosafiri

Teknolojia nazo hukutana. Mashine ya mkono ya kushindilia udongo iitwayo CINVA-Ram ilibuniwa miaka ya 1950 na Raúl Ramírez, mhandisi wa Chile aliyekuwa akifanya kazi Bogotá, Kolombia. Kizazi chake kimeenea Afrika Mashariki. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, aghalabu asilimia 5 hadi 10, hushindiliwa, kisha tofali hunyweshewa maji kivulini kwa siku kadhaa bila kuchomwa. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Moses Musaazi aliendeleza matofali ya kufungamana yenye umbo la kupinda, yafaayo kujengea matangi ya maji.

Suala la lugha

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Neno saruji lina asili ya Kiajemi, na huko Oman jina hilohilo hadi leo hutaja chokaa ya udongo uliochomwa, iliyojengea mifereji na ngome. Kwa hiyo lugha yetu iliwahi kuyapokea maarifa ya ujenzi kutoka ng'ambo na kuyapa makao. Leo mhandisi huandika mwongozo wake kwa Kiingereza na kumwachia fundi asiyeusoma. Fundi akikosea kipimo cha saruji, au akaacha kunyweshea tofali, ukuta humomonyoka mvua ya kwanza, na akiba ya familia hupotea. Mgeni wakati huo amekwisha kurudi kwao.

Hitimisho

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kula si za bure, kwa kuwa ndizo zinazomfundisha mgeni pa kulimia. Nasi tuna jembe letu. Tuende kwa mafundi wa Meru, Embu na Mbeere, tukusanye majina wanayoyatumia kuutaja udongo, vipimo na kasoro za ukuta, kisha tuandike miongozo ya ujenzi kwa Kiswahili ambayo fundi ataisoma mwenyewe.