Shahada ya Majirani Wasio na Mjumbe

Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na Muungano ukazaliwa na mtihani mkononi. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki na kuupokea ubalozi wake. Tanganyika, kwa upande wake, ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikiisaidia kwa fedha na kwa mafunzo ya kijeshi. Na Ujerumani Magharibi ilikuwa na sharti moja zito: anayeitambua ya Mashariki asitegemee urafiki wake. Nchi changa ikabaki na mabalozi wawili wasioweza kuketi jamvi moja.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati. Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, lakini isitambuliwe rasmi kama dola. Magharibi hawakuridhika. Mwanzoni mwa 1965 wakaondoa msaada wa kijeshi, na dalili zikawa kwamba mingine ingefuata. Nyerere akawaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao.

Je, alifanya sawa? Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa hukutana na maswali ya aina hiyo kuanzia mwaka wa kwanza, na uzalendo peke yake haumpi alama. Anatakiwa aeleze kila upande ulitaka nini, ulikuwa na nguvu gani na ulihofia kupoteza nini. Akishayapanga hayo, ndipo atoe hukumu yake na kuitetea.

Somo lenyewe lina umri wa miaka mia na ushei. Mwaka 1919, machozi ya Vita Kuu ya Kwanza yakiwa bado hayajakauka machoni mwa Ulaya, David Davies na dada zake walitoa fedha ili chuo cha Aberystwyth, Wales, kiwe na profesa wa siasa za kimataifa. Kiti hicho kilikuwa kumbukumbu ya wanafunzi waliokufa vitani. Swali lililokizaa lilikuwa wazi: mataifa yanaingiaje vitani, na yanawezaje kuepuka?

Ugumu wa swali hilo unaonekana mtaani kwetu. Majirani wakigombania mpaka wa kiwanja, wana mjumbe wa nyumba kumi, wana baraza la kata, wana mahakama. Anayekaidi hufuatwa na polisi. Mataifa ni majirani wasio na mjumbe. Hakuna serikali juu ya serikali zao. Wanauhalisia husema kwamba kwa sababu hiyo kila nchi hujilinda kwa nguvu zake. Waliberali hujibu kwamba biashara, mikataba na jumuiya hufanya ugomvi uwe hasara kwa wote. Kundi la tatu husisitiza kwamba urafiki na uadui hujengwa na watu wenyewe, kwa historia na kwa jinsi wanavyotazamana.

Mfano wa karibu ni bahari kati ya Kenya na Somalia. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kuhusu eneo la bahari lenye samaki na linalodhaniwa kuwa na mafuta na gesi. Oktoba 2021 mahakama ilichora mpaka uliokaribia zaidi madai ya Somalia. Kenya ikaikataa hukumu hiyo, na hapakuwa na polisi wa kumtuma. Lakini mwaka 2024 Somalia ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kenya ni mwasisi wake. Waliopelekana mahakamani sasa wana viti katika mikutano ileile ya Arusha. Nadharia moja haitoshi kulieleza jambo hili lote, ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa zote.

Darasani kuna mengi zaidi ya nadharia. Katika sheria, Mkataba wa Vienna wa 1961 humweleza kwa nini polisi hawaingii ubalozini bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi, na kwa nini nchi mwenyeji inaweza kumfukuza mwanadiplomasia bila kutoa sababu. Katika uchumi hujifunza jinsi vita vya Ukraine vya 2022 vilivyogusa bei ya mafuta, mbolea na ngano mpaka kwenye kibanda cha chapati. Kuna mbinu za utafiti na takwimu, ambazo wengi huziogopa. Na kuna mazoezi ya majadiliano, ambapo mwanafunzi hupewa nchi isiyo yake na kutakiwa aitetee.

Kwa Afrika Mashariki, mashamba ya masomo haya hayako mbali. Nairobi kuna makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Arusha kuna makao ya Jumuiya, iliyovunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999 na leo ina nchi nane. Ipo pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kurasini, Dar es Salaam, kipo Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania kwa kushirikiana na Msumbiji, wakati ukombozi wa kusini mwa Afrika ulikuwa bado unaendelea.

Wazazi huuliza: akimaliza atafanya kazi gani? Wasidanganywe. Nafasi za ubalozini ni chache. Wahitimu wengi hutafuta riziki kwingine: kwenye asasi zinazohudumia wakimbizi, kwenye uwakala wa forodha, kwenye vyombo vya habari, kwenye kampuni zinazouza nje. Anayefaulu mara nyingi ni yule aliyeongeza ujuzi wa pili, iwe sheria, takwimu au lugha. Kifaransa humsaidia Bujumbura na Kinshasa, Kireno Maputo. Kiswahili chenyewe ni mtaji: Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi, na mikutano inahitaji watu wa kukitafsiri na kukiandika kwa ufasaha.

Chuo cha Kurasini sasa kina jina la Salim Ahmed Salim, mwana wa Zanzibar aliyeteuliwa balozi nchini Misri mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22. Kuanzia 1970 aliiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa, New York, na baadaye, kuanzia 1989 hadi 2001, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Katikati ya shughuli zake za New York, tayari akiwa balozi mzoefu, aliingia darasani Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1975 akatoka na shahada ya uzamili katika masuala ya kimataifa.