Shoti ya mezani: Silaha 'isiyoua' haiui kweli?

Jumapili jioni, Mama Ngina. Upepo wa bahari unavuma, mihogo ya kukaanga iko kwenye karatasi, ndimu na pilipili juu. Tuko wanne, tumezunguka dadu ya pande 20. Ni mchezo wa kuigiza wa mezani: kila mtu ana mhusika wake, na msimulizi mmoja anaendesha hadithi.

Siku hiyo mwizi wa simu amekimbizwa hadi ukingoni mwa mwamba, meli inaingia bandarini chini yake. Mwenzetu akatoa bunduki ya umeme, Taser. "Nampiga shoti. Hafi huyu, anaganda raundi moja tu."

Msimulizi akauliza: "Akiganda, anaangukia wapi?"

Tukanyamaza wote. Swali lilikuwa la haki, bana.

Taser ilibuniwa na Mmarekani Jack Cover miaka ya 1970. Jina alilitoa kwenye kitabu cha vijana cha 1911, kuhusu Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Kifaa hurusha vishale viwili vyenye nyaya, na lazima vyote vinase ndipo umeme upite mwilini. Kikinasa kimoja tu, au koti likiwa zito, kazi bure. Vikinasa vyote, misuli hukaza kwa sekunde 5 hivi na mtu anaanguka kama gogo, hawezi hata kukinga kichwa kwa mikono. Ndiyo maana wanaofunzwa kuitumia huonywa wasimpige mtu aliye mahali pa juu, aliye majini au aliyelowa petroli.

Na kuua, inaweza. Oktoba 2007, Robert Dziekański, msafiri kutoka Poland, alifariki katika uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, baada ya polisi kumpiga Taser mara kadhaa. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 hauziiti silaha hizi "zisizoua". Unaziita zenye hatari ndogo ya kuua. Ndogo, si sufuri.

Sisi Wakenya somo hili si geni. Aliyekuwa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha anajua kitoa machozi kikitua karibu nawe, jina lake la upole halikusaidii kupumua.

Kwa hivyo ukiendesha mchezo, jaribu hivi. Mrushaji atupe dadu mara mbili, moja kwa kila kishale. Mlengwa akianguka, tupa tena ujue ameangukia nini. Akirudiwa shoti, hatari ya kufa iongezeke.

Mwenzetu alirudisha silaha mfukoni, akajaribu maneno. Dadu ikatoa 4. Mwizi akatoroka na simu, nasi tukamalizia mihogo tukimcheka. Lakini wiki ijayo yumo hadithini bado, na tunajua anakokaa.