Vigawo na Kipimo cha Shamba

Watu wa Meru wanaijua vema thamani ya kipimo cha ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu wakulima wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Tangu siku zile watu wameongezeka, bali mteremko wa mlima haukuongezeka hata hatua moja. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu. Ni ajabu basi kwamba kijana wa Arusha aingiapo sekondari hukutana na somo ambalo asili yake ni kupima mashamba, naye hufundishwa kana kwamba halihusiani kabisa na udongo anaoukanyaga.

Somo tunalolizungumzia ni lile la kutafuta vigawo vya mtajo wa kipeo cha pili. Wengi huliona kuwa mlango mdogo tu wa aljebra, lakini ni mlango ambao asiyeupita hubaki nje. Mbele yake kuna milinganyo, grafu, fizikia, upimaji wa ardhi na uhandisi. Katika mitihani ya Taifa ya Kidato cha Nne ya miaka ya 2019 hadi 2022, watahiniwa waliofaulu Hisabati hawakufika hata robo. Mtihani huo ni mmoja kwa Bara na Visiwani. Kwa hiyo hasara hiyo ni ya wote, wa Arusha, wa Unguja na wa Pemba.

Hebu tulitazame somo lenyewe. Mkulima ana shamba la mraba ambalo kila upande wake ni mita x. Aongeze mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Shamba sasa ni mstatili, na ndani yake mna sehemu nne: mraba wa zamani, vipande viwili virefu vya 3x na 4x, na kipembe kidogo cha mita 12 za eneo. Eneo lote ni x² + 7x + 12. Kutafuta vigawo ni kurudi nyuma: tumepewa eneo, tunatafuta pande. Twahitaji namba mbili ambazo zao lake ni 12 na jumla yake ni 7. Jozi za 12 ni 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4. Jozi ya mwisho ndiyo yenye jumla ya 7. Pande basi ni (x + 3) na (x + 4). Hakuna uganga hapa.

Tuendelee hadi penye haja halisi. Mtu ana shamba la mita za eneo 4,000, yaani karibu ekari moja, na urefu wake unazidi upana kwa mita 30. Upana ukiwa x, basi x² + 30x − 4,000 ni sawa na sifuri. Vigawo vyake ni (x + 80) na (x − 50). Zao la namba mbili likiwa sifuri, mojawapo haina budi kuwa sifuri. Kwa hiyo x ni 50 au −80. Upana hauwezi kupungua sifuri, hivyo shamba ni mita 50 kwa 80. Mwanafunzi aambiwe pia ukweli kwamba si kila mtajo una vigawo vya namba nzima: x² + 7x + 11 hauna. Akijua hivyo hatajiona mjinga atakapovikosa.

Elimu hii si ngeni kwetu. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu alichokiandika al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Alichora miraba na mistatili kuthibitisha kanuni zake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mirathi. Msomaji wa visiwani ambaye amewahi kuona shamba la mikarafuu likigawiwa warithi ataielewa haja iliyomsukuma.

Tatizo lingine ni lugha. Katika shule ya msingi mtoto wa Arusha hujifunza kwa Kiswahili maana ya vigawo, eneo na mstatili. Akifika sekondari ya serikali, mambo yale yale huvikwa majina ya Kiingereza, na mara nyingi hapati mtu wa kumwambia kuwa ni yale yale. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Huko Zanzibar, sera ya elimu ya mwaka 2006 iliamua Hisabati ifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Ubishi wa lugha ni mrefu, wala hatudhani utakwisha kesho. Lakini mwalimu hahitaji kungoja uamuzi wa mwisho ili aandike ubaoni neno la Kiswahili kando ya la Kiingereza.

Kwa viongozi wanaohusika na elimu, Bara na Visiwani, tunayo maombi matatu. Kwanza, vitabu viweke istilahi za lugha zote mbili katika kila mada. Pili, mafunzo ya walimu kazini yaanze na mchoro wa eneo kabla ya kanuni. Tatu, kila shule iwe na kamba ya kupimia, na wanafunzi watoke nje wakapime uwanja na bustani ya shule yao. Kamba haigharimu fedha nyingi.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kijana atakayejua leo kwa nini 3 na 4 huzaa 12 na hukusanyika kuwa 7, kesho ataweza kuusoma ramani ya kiwanja chake bila kudanganywa na mtu.